Ngozi ya Chuma: Moto, Mafuta na Zinki Katika Historia ya Zana Zetu

Nakala ya kipindi kwa vikundi vya wasikilizaji

[Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka taratibu]

MTANGAZAJI: Popote ulipo, iwe Nyarugusu, Nakivale, Kakuma au Dzaleka, karibu katika kipindi cha leo. Na wewe uliyeshika nakala hii mkononi, unayewasomea wenzako chini ya mti au mlangoni kwako, karibu pia.

Leo tunazungumza kuhusu chuma. Hebu tazama vitu vilivyo karibu nawe. Jembe limeegemezwa ukutani. Panga liko pembeni. Kikaango kiko jikoni, na juu yako huenda kuna bati. Sasa tazama rangi zake. Kikaango ni cheusi. Bati ni la kijivu na linang'aa. Jembe la zamani ni la kahawia, lakini ncha yake inayokula udongo kila siku ni nyeupe. Kwa nini vyote hivi ni chuma, na rangi zake hazifanani?

Jibu ni kwamba chuma mara nyingi hakikai uchi. Karibu kila mara kimevaa kitu juu yake, kama ngozi. Ngozi nyingine hujiotea yenyewe, nayo ni kutu. Nyingine imewekwa na mkono wa mtu kwa moto, kwa mafuta au kwa madini mengine. Historia ya uhunzi, kwa sehemu kubwa, ni historia ya watu waliojifunza kukivisha chuma ngozi nzuri kabla kutu haijakivisha ngozi mbaya.

Tunaileta historia hii kwako kwa sababu mbili. Kwanza, elimu hii haikuzaliwa viwandani. Sehemu yake ilikuwepo zamani sana katika nchi za Maziwa Makuu, ambako wengi wetu tumetoka. Pili, fundi wa kambini leo hufanya kazi na chuma chakavu ambacho kiwanda cha mbali kilishakivisha ngozi yake. Akikitia motoni bila kujua ni ngozi gani, anaweza kuugua. Kwa hiyo neno la kushika katika kipindi hiki ni moja: kabla hujatia chuma motoni, jua kimevaa nini.

KUTU INATOKA WAPI

Tuanze na adui mwenyewe. Kutu huzaliwa pale chuma, maji na hewa vinapokutana. Ukikosekana mmoja kati ya hao, kutu haipo. Ndiyo maana msumari uliozama ndani ya mafuta hauli kutu, na panga linalokaa mahali pakavu hudumu kuliko lile linalolala kwenye umande. Chumvi huharakisha kazi hiyo. Jasho la mkono lina chumvi, na ndiyo maana alama za vidole hujitokeza kwa kutu kwenye chuma kilichosuguliwa kikang'aa.

Ubaya wa kutu ni kwamba haishiki vizuri. Inavimba, inapasuka na kubanduka, kisha chuma kilichokuwa chini yake kinapata hewa na maji upya. Hivyo jembe huliwa tabaka baada ya tabaka mpaka likatoboka.

Lakini si kila ngozi ya chuma iko hivyo. Huko Delhi, India, kuna nguzo ya chuma iliyosimama kwa miaka 1,600 hivi. Urefu wake ni zaidi ya mita 7, na uzito wake ni zaidi ya tani 6. Imenyeshewa mvua za karne nyingi, na bado haijaliwa na kutu kwa kiasi kikubwa. Wataalamu walioichunguza wanasema chuma chake kina fosforasi nyingi, na fosforasi hiyo imesaidia kujenga juu yake ngozi nyembamba iliyoshikamana sana, inayozuia maji na hewa kupenya. Kwa hiyo kinachoamua maisha ya chuma ni ngozi inayoshika au isiyoshika.

WAHUNZI WA MAZIWA MAKUU

Sasa turudi nyumbani. Magharibi ya Ziwa Victoria, katika nchi ya Wahaya, mkoa wa Kagera nchini Tanzania, kuna kijiji kinaitwa Katuruka. Wazee wa hapo walikuwa na simulizi la mfalme wa kale, Rugomora Mahe, aliyewaita wahunzi wajenge mnara wa chuma ili aione mbingu. Mnara ulianguka. Simulizi hilo lilifungamana na mahali penyewe, chini ya mti mkubwa uliokuwa ukiheshimiwa.

Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia wa Marekani, Peter Schmidt, aliwasikiliza wazee hao na kuchimba pale walipomwonyesha. Ardhini yalikutwa mabaki ya kazi ya chuma ya kale sana, yanayokadiriwa kufikia miaka 2,000 au zaidi. Masimulizi ya mdomo yalikuwa yamemwongoza mchimbaji mpaka mahali penyewe.

Lakini kulikuwa na jambo jingine. Wahaya walikuwa wameacha kuyeyusha chuma kutoka kwenye mawe kwa muda wa miaka 50 hivi, kwa sababu majembe na vyuma vya madukani vilikuwa rahisi kupatikana. Hata hivyo, mwaka 1976 wazee waliokumbuka kazi ya ujana wao walijenga tanuri tena. Walitumia udongo wa kichuguu. Walijaza shimo la tanuri matete ya kinamasi yaliyochomwa. Waliingiza mirija ya udongo mbali ndani ya tanuri, ili hewa ya mivukuto ipate moto kabla ya kufika kwenye makaa. Wakavukuta kwa zamu. Kilichopatikana hakikuwa chuma laini tu, bali pia chuma chenye kaboni, kile tunachokiita feleji, chuma kinachoweza kushika makali. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1978 katika jarida la sayansi la Marekani, na wengi duniani walishangaa.

Fikiria jambo hilo, ndugu msikilizaji. Kazi ilikuwa imelala miaka hamsini. Tanuri lilikuwa limebomoka, mivukuto imeoza. Lakini elimu ilikuwa bado vichwani na mikononi mwa wazee, na walipopewa nafasi waliisimamisha tena.

Buhaya haikuwa peke yake. Burundi, Rwanda, Buha na Kivu zote zilikuwa na wahunzi wao, na katika sehemu nyingi jembe la chuma lilitolewa kama mahari. Huko Katanga, kando ya Ziwa Kisale, wachimbaji walifukua makaburi ya kale ya Sanga mwaka 1957 na 1958. Pamoja na vyungu vizuri, walikuta zana za chuma na mapambo ya shaba yaliyozikwa na wenyewe. Kwa Waluba, masimulizi ya ufalme na ya uhunzi hukaa pamoja. Watu hawazikwi na vitu visivyo na thamani.

RANGI ZINAZOPIMA JOTO

Sasa tuingie kwenye rangi zenyewe. Chukua kipande cha feleji, kwa mfano kipande cha springi ya gari. Kisugue kwa msasa au tupa mpaka king'ae. Kikipashwa moto polepole, utaona jambo la kupendeza. Kwanza kinageuka manjano hafifu, kama nyasi kavu. Kisha manjano inakolea na kuwa kahawia. Halafu inaingia zambarau. Baadaye inakuja buluu nzuri kama mbingu ya asubuhi. Ukiendelea, buluu inafifia na kuwa kijivu.

Rangi hizo hufuata joto kwa mpangilio. Manjano ya nyasi kavu huonekana kwenye nyuzi 220 hadi 230 za Selsiasi. Kahawia huja karibu na 260. Zambarau huja karibu na 280, na buluu karibu na 300. Ukipita 330 unabaki na kijivu. Mhunzi hakuwa na kipimajoto. Alitumia macho, na rangi ilimwambia.

Kwa nini alihitaji kujua? Kwa sababu feleji ikipashwa mpaka ikawa nyekundu, kisha ikazimwa ghafla kwenye maji, inakuwa ngumu mno, lakini inavunjika kama kioo. Zana ya namna hiyo haifai. Basi mhunzi huipasha tena, safari hii kwa moto mdogo, ili apunguze ugumu kidogo na kuipa uvumilivu. Akisimama kwenye manjano, makali yanabaki magumu sana, yanafaa kwa wembe na zana za kukwangua. Akisimama kwenye kahawia, anapata patasi ya seremala. Zambarau inafaa shoka, ambalo linapiga na kupigwa. Buluu inafaa springi na msumeno, vitu vinavyopinda na kurudi.

Rangi yenyewe inatoka wapi? Si rangi kama ile ya kupaka. Ni ngozi nyembamba sana inayoota chuma kinapokutana na hewa kwenye joto, nyembamba mara elfu moja hivi kuliko unywele wako. Umeona mafuta ya petroli yanavyoelea juu ya dimbwi la mvua barabarani na kutoa rangi za upinde wa mvua? Ni jambo lile lile. Mwanga unarudi kutoka juu ya utando na kutoka chini yake, na hiyo miale miwili ikikutana inazaa rangi. Utando ukinenepa, rangi inabadilika. Mwingereza Robert Hooke aliziandikia rangi hizi za feleji katika kitabu chake cha mwaka 1665. Mwanzoni mwa karne ya 19 Thomas Young akaeleza jinsi miale miwili ya mwanga inavyokutana na kuzaa rangi.

Mafundi wa saa wa Ulaya walipenda sana ile buluu. Waliweka mishale ya saa na skrubu ndogo juu ya unga wa shaba uliopashwa moto, wakasubiri rangi ifike, kisha wakaiondoa mara moja. Buluu ilipendeza na pia ilipunguza kutu. Saa nyingi za zamani bado zina mishale ya buluu ya namna hiyo.

Kuna funzo hapa kwa kila nyumba. Ukiacha panga lako ndani ya moto wa jikoni, au ukilitumia kuchochea makaa, halafu makali yakageuka buluu au kijivu, ujue ugumu wake umepungua. Utalinoa, lakini litaisha makali haraka. Kosa si la tupa wala la jiwe la kunolea. Ni moto uliokula ugumu, na rangi ndiyo shahidi.

Jambo moja zaidi. Chuma laini, kama nondo za kawaida za ujenzi, nacho huonyesha rangi hizo zote. Lakini hakina kaboni ya kutosha, kwa hiyo hakipati ugumu hata ukizima mara kumi. Rangi hupima joto. Ubora wa chuma ni habari nyingine.

NGOZI NYEUSI

Ngozi ya buluu ni nzuri, lakini ni nyembamba na huchubuka upesi. Kwa zana za kazi, wahunzi wa sehemu nyingi za dunia walitegemea ngozi nyeusi.

Chuma kikipashwa moto zaidi huota tabaka jeusi. Tabaka hilo likishika vizuri, linalinda. Mwaka 1876 mkemia wa Uingereza, Frederick Barff, alionyesha kwamba ukipitisha mvuke wa maji wenye moto mkali juu ya chuma chekundu, unapata tabaka jeusi lililoshikamana, lisilo kama kutu. Inashangaza kidogo, maana maji ndiyo tunayoyalaumu kwa kutu. Lakini kwenye moto mkali, maji hayo hayo yanajenga ngozi ya kinga.

Mhunzi wa kijijini alikuwa na njia fupi zaidi: mafuta. Chuma kikiwa bado na moto, lakini si chekundu tena, anakipaka mafuta au nta ya nyuki kidogo sana. Mafuta yanafuka moshi, yanaungana na tabaka jeusi, na yakipoa yanabaki kama utando mgumu. Ndiyo kazi inayofanyika kwenye kikaango chako cha chuma kila unapopika. Ule weusi wake laini, unaofanya chapati isigande, si uchafu. Ni mafuta yaliyopikwa mpaka yakawa ngozi. Ukikisugua kwa mchanga mpaka king'ae, umekivua nguo, na kesho asubuhi utakikuta kina kutu.

Mafuta ya alizeti na ya soya hukauka vizuri zaidi na kutoa utando mgumu. Mawese na mafuta ya wanyama nayo hulinda, ila utando wake hubaki laini zaidi. Kila nchi ilitumia kilichokuwepo.

BATI NA ZINKI

Njia ya tatu ni kukivisha chuma madini mengine. Hapa lugha yetu wenyewe ina jambo la kutufundisha. Neno bati kwa asili ni jina la madini, yale meupe laini yanayoyeyuka kwenye nyuzi 232 tu. Tangu zamani watu walipaka bati ndani ya vyungu vya shaba, ili chakula kisiguse shaba. Baadaye karatasi za chuma zilizopakwa bati ndizo zilizotengeneza makopo ya chakula. Hati ya kumiliki ubunifu wa kopo la chakula ilitolewa London mwaka 1810 kwa Peter Durand. Kopo la mafuta ya kupikia, ambalo huku kambini linageuzwa taa, kikombe, jiko dogo au hata mlango, ni mjukuu wa ubunifu huo.

Lakini bati la paa, licha ya jina lake, kwa kawaida halina bati juu yake. Limevishwa zinki. Mwaka 1742 Mfaransa Paul Jacques Malouin alieleza jinsi ya kuchovya chuma ndani ya zinki iliyoyeyuka. Mwaka 1829 Henry Palmer wa London alipata hati ya kutengeneza karatasi za chuma zenye mikunjo, na mikunjo hiyo ndiyo inayolipa bati nguvu ya kusimama. Mwaka 1837 Mfaransa mwingine, Stanislas Sorel, alipata hati ya njia ya kuchovya chuma ndani ya zinki, na kazi hiyo ikaenea. Mafundi wetu huita chuma hicho galvanaizi, jina linalotokana na Mwitaliano Luigi Galvani aliyechunguza umeme.

Reli zilisaidia kuleta vitu hivi bara. Ile iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901. Ile ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Bati, ndoo, waya na majembe ya viwandani vikapata njia ya haraka. Hapo ndipo tanuri nyingi za wahunzi zilipoanza kuzimika.

Zinki ina tabia ya pekee. Bati la paa likikwaruzwa, kutu haianzi mara moja, kwa sababu zinki iliyo jirani huliwa kwanza badala ya chuma. Inajitoa kwa ajili ya mwenzake. Ngozi ya bati kwenye kopo haiko hivyo. Ikikwaruzwa, chuma cha chini kinaliwa haraka kuliko kama kisingepakwa kabisa. Ndiyo maana kopo la mafuta lililokatwa huanza kutu pale pale kwenye makali ya mkato, na lipo paa linalokaa miaka mingi na mikwaruzo yake.

[Muziki mfupi]

MOSHI MWEUPE

Ndugu msikilizaji, sasa tumefika kwenye sehemu ambayo tunakuomba usiisikilize nusu nusu.

Zinki ni rafiki kwenye mvua, lakini ni hatari kwenye moto mkali. Inayeyuka kwenye nyuzi 420 na kuchemka kwenye 907. Makaa yanayovukutwa na moto wa kuchomelea hufika huko na kupita. Hapo zinki hutoka kama moshi mweupe mzito, na juu ya chuma huacha unga ulio manjano ukiwa na moto na mweupe ukipoa. Ukivuta moshi huo, saa kadhaa baadaye, mara nyingi jioni au usiku, unaanza kuugua. Mdomo una ladha ya chuma. Koo linakauka. Kifua kinakohoa. Kichwa na viungo vinauma. Kisha baridi, kutetemeka na homa.

Umesikia dalili hizo? Zinafanana na malaria. Fundi anaweza kuamini ana malaria tena na tena, kumbe kila mara alikuwa amechoma mabati siku hiyo.

Ugonjwa huu si mpya. Miongoni mwa waliouonja zamani ni watu wa viwanda vya shaba ya manjano huko Uingereza, kwa sababu shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Mwaka 1862 daktari Edward Headlam Greenhow aliandika habari za homa ya hao wafanyakazi. Kwa kawaida homa yenyewe huisha ndani ya siku moja au mbili. Lakini moshi mwingi, hasa ndani ya chumba kisicho na hewa, unaweza kuumiza mapafu vibaya. Na wapo mafundi wanaoamini kwamba kunywa maziwa kabla ya kazi kunazuia. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanakwenda tumboni, na moshi unakwenda mapafuni.

Ukipata homa, nenda kituo cha afya upimwe malaria kama kawaida. Lakini mwambie mhudumu kazi uliyofanya siku hiyo. Na mtu akipata shida ya kupumua, asingoje kesho.

Utaijuaje zinki? Tazama mabati ya paa, ndoo za chuma, mabomba ya maji na waya wa seng'enge. Ukiona kijivu kinachong'aa, pengine chenye alama kama maua au vipande vya barafu, hiyo ni zinki. Usitengenezee jiko sehemu inayoguswa na makaa. Usichomee nyama juu ya wavu wake. Usiuchome moto ili ngozi itoke. Tafuta chuma kisichopakwa: nondo, springi za gari, chuma cha majembe yaliyochakaa.

Kuna madini mengine ya kuogopa zaidi, nayo ni risasi, ile iliyomo ndani ya betri za gari na katika baadhi ya rangi za mafuta za zamani. Inayeyuka kwa urahisi, kwenye nyuzi 327, na urahisi huo ndio mtego. Usiiyeyushe nyumbani, wala usiitumie kuziba tundu la sufuria. Risasi haikupi homa ya siku moja ikakuacha. Hukusanyika mwilini, na kwa watoto huharibu ubongo.

KAZI UNAYOWEZA KUIFANYA SALAMA

Tusiishie kwenye hatari. Njia ya mafuta haihitaji fedha nyingi, na inaweza kuongeza maisha ya jembe, mundu au kikaango chako.

Kwanza, hakikisha chuma hakina zinki wala rangi. Kisugue kutu yote, kioshe, kikaushe kabisa. Fanya kazi nje, mbali na kuta na paa za nyumba, na siku yenye upepo mkali uache. Weka ndoo ya mchanga karibu. Watoto wakae mbali.

Kwa kikaango, kipashe juu ya makaa mpaka unyevu wote uishe. Kisha paka mafuta ya kula kwa kitambaa, halafu ufute kana kwamba unataka kuyaondoa yote. Kinachobaki ndicho kinachotakiwa. Mafuta yakiwa mengi hugeuka gundi. Kipashe mpaka moshi uishe, kiache kipoe, urudie mara tatu au nne.

Kwa jembe au mundu, fanya vivyo hivyo kwenye mwili wa zana, lakini makali yaache nje ya moto. Kumbuka zile rangi. Ukiona manjano inakaribia makali, ondoa. Makali yenyewe yapake mafuta yakiwa baridi, kila jioni baada ya kuosha udongo.

Usitumie oili chafu ya injini kwenye chombo cha chakula, na moshi wake usiuvute. Na vile vitambaa vyenye mafuta usivirundike ndani ya nyumba, kwa sababu baadhi ya mafuta yakikauka hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe. Vitandaze nje vikauke, au uvitumbukize kwenye maji.

Na kama katika kambi yako yupo mzee au mama aliyewahi kufanya kazi ya uhunzi nyumbani, au aliyemwona baba yake akiifanya, mkaribishe kwenye kikundi chenu. Muulize aliitambuaje rangi, alitumia mafuta gani, aliita nini kila hatua kwa lugha yake. Andikeni majibu. Wazee wa Buhaya waliulizwa mapema, wakiwa bado wapo wa kujibu. Kama wangeulizwa miaka ishirini baadaye, tanuri lile lisingewaka tena.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Kutu inahitaji chuma, maji na hewa. Ondoa kimoja, umeizuia.
2. Rangi za feleji kwenye moto ni kipimo cha joto: manjano, kahawia, zambarau, buluu, kijivu.
3. Makali yaliyogeuka buluu au kijivu yamepoteza ugumu.
4. Weusi laini wa kikaango ni kinga. Usiukwangue.
5. Moshi mweupe wa mabati huleta homa inayofanana na malaria. Pima, na useme kazi uliyofanya.
6. Risasi haiyeyushwi nyumbani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika eneo lenu, ni vitu gani vya chuma vinavyotengenezwa kutokana na vyuma chakavu? Vipi kati yake vina zinki?
2. Je, kuna fundi mnayemjua anayepata homa mara kwa mara baada ya kazi? Mnaweza kumwambia nini bila kumharibia riziki yake?
3. Kwa lugha za nyumbani kwenu, mhunzi anaitwaje? Na mivukuto je?
4. Ni nani kati yenu, au katika jirani zenu, anayekumbuka kazi hii, na mtamwalika lini?

MTANGAZAJI: Ndugu msikilizaji, muda wetu umekwisha. Leo jioni, kabla ya kulala, chukua jembe lako, lifute udongo, lipake tone la mafuta. Tukutane katika kipindi kijacho, na uwe salama.

[Muziki wa kipindi unapanda mpaka mwisho]